Jedwali la Punnett linasema tatu kwa moja, maganda ya njegere hayasemi hivyo: nilisomeje?

Chipukizi

Salaam wanajukwaa. Ninajifunza misingi ya urithi wa sifa katika mimea, na nimekwama mahali ambapo maelezo mengi hupapita kwa haraka. Nilichavusha njegere ya ukoo safi wenye mbegu za mviringo kwa chavua ya njegere ya ukoo safi wenye mbegu za makunyanzi. Mbegu zote zilizopatikana zilikuwa za mviringo, na hilo nililitarajia, kwa kuwa aleli (toleo la jeni, yaani la kipande kinachobeba sifa ya urithi) ya umbo la mviringo (R) ni tawala na aleli ya makunyanzi (r) hufichika inapokaa pamoja nayo. Nilizipanda mbegu hizo, nikaiacha mimea ijichavushe yenyewe, kisha nikachora jedwali la Punnett: R na r juu, R na r ubavuni, na ndani yake visanduku vinne, yaani RR kimoja, Rr viwili na rr kimoja. Kwa hiyo nilitegemea kwamba katika kila mbegu nne, moja ingekuwa na makunyanzi.

Ganda la kwanza nililolipasua lilikuwa na mbegu saba, nne za mviringo na tatu za makunyanzi. La pili lilikuwa na mbegu sita, na zote ni za mviringo. Ninaomba kusaidiwa katika mambo mawili. Kwanza, jedwali hili linatabiri nini hasa ikiwa maganda hayalifuati? Pili, nikitaka kufuatilia sifa mbili kwa pamoja, kwa mfano umbo la mbegu na rangi yake, je, nichore jedwali la visanduku 16, na nikilichora litaaminika?

Daftari la Maabara

Ndugu Chipukizi, maganda yako hayajalikanusha jedwali. Tatizo linaanza pale kisanduku kinapochukuliwa kuwa ni mbegu. Visanduku vinne havisemi kwamba mbegu nne zitagawana nafasi hizo. Vinasema kwamba kila mbegu, ikitazamwa peke yake, ina nafasi tatu kati ya nne za kuwa ya mviringo na nafasi moja kati ya nne ya kuwa na makunyanzi, na kwamba nafasi hiyo haibadiliki hata kidogo kwa sababu ya kilichoipata mbegu iliyo jirani yake. Ndani ya ua la njegere, kila ovuli (kijiyai kitakachokuwa mbegu) hurutubishwa na chembe yake yenyewe ya chavua. Ganda la mbegu saba, basi, ni marutubisho saba yanayojitegemea yaliyofungwa katika ganda moja.

Ukikubali hilo, hesabu ya maganda yako ni nyepesi. Uwezekano wa mbegu sita kuwa zote za mviringo ni robo tatu ikizidishwa kwa yenyewe mara sita, na jibu lake ni karibu 0.178, maana yake ni kwamba katika maganda 100 yenye mbegu sita ungetarajia takriban 18 yasiyo na mbegu hata moja ya makunyanzi. Ganda lenye mbegu nne za mviringo na tatu za makunyanzi lina uwezekano wa karibu 0.173. Maganda yako yote mawili, kwa hiyo, ni ya kawaida kabisa. Tena jambo linalowashangaza wengi ni kwamba hata ukipata mbegu 16 hasa, mgawanyo kamili wa 12 kwa 4, ambao ndio wenye uwezekano mkubwa kuliko mingine yote, hutokea chini ya mara moja katika kila majaribio manne: ni asilimia 22.5 tu.

Gregor Mendel, aliyefanya majaribio yake katika bustani ya monasteri huko Brno kati ya 1856 na 1863 na kuyachapisha mwaka 1866, alilijua jambo hili na hakulificha. Katika jaribio la umbo la mbegu alikusanya mbegu 7,324 kutoka mimea 253 ya mahuluti (chotara), akapata 5,474 za mviringo na 1,850 za makunyanzi, uwiano wa 2.96 kwa 1. Lakini aliandika pia kwamba mmea mmoja ulimpa mbegu 43 za mviringo na mbili tu za makunyanzi, na mwingine ukampa 14 za mviringo na 15 za makunyanzi. Angeutazama mmea huo wa pili peke yake angeweza kuapa kwamba uwiano ni moja kwa moja. Uwiano wa tatu kwa moja ulijitokeza kwa wingi wa mbegu, na wewe bado una mbegu 13.

Mlezi wa Kitalu

Naafiki hesabu ya Daftari la Maabara, ila nina swali la bustanini kabla hatujasonga mbele: je, maganda hayo yalikuwa yamekauka? Njegere mbichi iliyojaa ganda huonekana nono na laini hata kama ni rr. Makunyanzi hayajitokezi mpaka mbegu ipoteze maji yake. Aleli ya r imeharibiwa na kipande cha DNA cha urefu wa takriban besi 800 kilichojipachika ndani ya jeni ya kimeng'enya kinachotia matawi molekuli za wanga, jambo lililobainishwa mwaka 1990. Kimeng'enya hicho kisipofanya kazi, mbegu hutengeneza wanga kidogo na kubaki na sukari nyingi, sukari huvuta maji, mbegu hufura. Na inapokauka hupungua sana, ngozi yake ikabaki pana kuliko kilichomo ndani na kujikunja. Anayehesabu mbegu zikiwa bado za kijani kibichi atajaza safu ya mviringo peke yake, kisha aje kulilaumu jedwali.

Jambo la pili ni kujua sifa unayoitazama ni ya kizazi gani, na hapa ndipo naona watu wengi wakipotea kuliko mahali pengine popote. Umbo la mbegu na rangi ya kotiledoni (majani ya akiba yaliyomo ndani ya mbegu), iwe njano au kijani, ni sifa za kiinitete, yaani za mtoto. Kwa hiyo kizazi cha pili kinaonekana ndani ya maganda yanayoning'inia kwenye mmea wa kizazi cha kwanza, na ganda moja laweza kuwa na mbegu za mviringo na za makunyanzi zikiwa zimepangana. Rangi ya ua huwezi kuijua mpaka mbegu hiyo uipande na ichanue. Ngozi ya nje ya mbegu, nayo, hutengenezwa na mmea mama, kwa hiyo mbegu zote za mmea mmoja huvaa ngozi ya aina moja, bila kujali aleli zilizomo ndani ya kila mbegu. Ukichora jedwali la rangi ya ngozi na kulitafuta ndani ya ganda hilo hilo, hutaliona. Limesogea kizazi kimoja mbele.

Na kuna ulinzi mmoja wa bure ambao haufundishwi vya kutosha. Ua la njegere hujichavusha kabla halijafunguka, kwa hiyo stameni (viungo vya kiume vyenye chavua) lazima ziondolewe likiwa bado tumba. Mkono ukichelewa, mama hujichavusha mwenyewe na hakuna anayejua. Dawa yake ni kumfanya mmea wenye sifa fichwa kuwa mama na mwenye sifa tawala kuwa baba: mbegu yoyote ya makunyanzi itakayopatikana katika uchavushaji huo itakuwa imejishitaki yenyewe kwamba haina baba uliyemkusudia. Ukifanya kinyume chake, mbegu zote zitakuwa za mviringo, za uchavushaji wako na za ajali, na hutazitofautisha.

Chipukizi

Ninawashukuru sana. Maganda yalikuwa yamekauka kabisa, na mbegu zilikuwa zikigonga ndani yalipotikiswa. Mama alikuwa ni yule wa mbegu za mviringo, kwa hiyo onyo hilo la mwisho limenigusa. Sasa nina mbegu za mviringo kumi mkononi, nne za ganda la kwanza na sita za ganda la pili. Jedwali linaniambia kwamba kati ya mbegu za mviringo, theluthi moja ni RR na theluthi mbili ni Rr, lakini kwa macho zote ni sawa. Nitazitambuaje?

Daftari la Maabara

Kwa kuzipanda na kuwatazama watoto wao, hakuna njia nyingine bila maabara. Una njia mbili. Ukiuacha mmea ujichavushe, ulio RR utatoa mbegu za mviringo tupu, na ulio Rr utatoa mchanganyiko. Ukiuchavusha kwa mmea wa rr, ulio Rr utatoa nusu kwa nusu. Njia ya pili hudai kazi ya mikono lakini huhitaji watoto wachache: mmea wa Rr unaweza kukudanganya kwa kutoa mbegu saba zote za mviringo kwa uwezekano wa chini ya asilimia moja tu, ilhali katika kujichavusha utahitaji mbegu 17 ili kufikia uhakika wa kiwango hicho. Kwa umbo la mbegu, mmea mmoja wa njegere hutoa mbegu za kutosha, hivyo kujichavusha kunatosha. Mendel alifanya hivyo kwa mimea 565 iliyotokana na mbegu za mviringo: 193 ilitoa mviringo tupu na 372 ikatoa aina zote mbili, uwiano wa 1.93 kwa 1, ambao ni ule ule wa visanduku viwili vya Rr kwa kimoja cha RR.

Kwa sifa ambazo hazionekani mpaka mmea ukue, mambo yalimwia magumu zaidi, naye alipanda mbegu kumi tu kutoka kila mmea aliotaka kuupima. Mwaka 1936 mwanatakwimu Ronald Fisher alionyesha kwamba kwa watoto kumi, mmea wenye aleli mbili tofauti una uwezekano wa asilimia 5.6 wa kutoonyesha hata mtoto mmoja mwenye sifa fichwa, hivyo kuhesabiwa kimakosa kuwa ni wa ukoo safi. Kwa mujibu wa hesabu hiyo, katika mimea 600 aliyoipima Mendel, 222 au 223 ilipaswa kuonekana safi; yeye aliripoti 201, idadi iliyo karibu mno na theluthi kamili. Mjadala kuhusu sababu ya ukaribu huo umeendelea tangu wakati huo, nami sina haja ya kuufungua hapa. Ninachotaka uchukue ni ile asilimia 5.6: amua idadi ya watoto utakaowahesabu kabla hujapanda, kwa kuwa ukisha kuvuna huwezi tena kuiongeza hesabu bila kungoja msimu mwingine.

Kisanduku cha Kumi na Saba

Nijibu swali la sifa mbili. Jedwali la visanduku 16 ni sahihi, lakini mimi kwa kawaida silichori, maana ni kazi nyingi inayozaa makosa ya kunakili. Iwapo umbo na rangi hurithiwa kila moja kivyake, zidisha tu: robo tatu mviringo mara robo tatu njano ni 9/16, robo tatu mviringo mara robo kijani ni 3/16, makunyanzi ya njano 3/16, makunyanzi ya kijani 1/16. Mendel alipata mbegu 556 katika jaribio hili: 315 za mviringo na njano, 108 za mviringo na kijani, 101 za makunyanzi na njano, na 32 za makunyanzi na kijani. Utabiri ungekuwa takriban 313, 104, 104 na 35. Ukitaka sifa tatu, jedwali litakuwa na visanduku 64, na sioni kwa nini mtu ajitese hivyo wakati kuzidisha sehemu tatu huchukua mstari mmoja.

Mlezi wa Kitalu

Hapo nitatofautiana nawe kidogo, ndugu. Kuzidisha ni kwepesi kwa sababu kunaficha sharti ambalo jedwali huliweka wazi. Anayechora jedwali hulazimika kwanza kuandika pembeni gameti (seli za uzazi) zote, RY, Ry, rY na ry, Y ikiwa aleli ya njano na y ya kijani, na akishaziandika anapaswa kujiuliza kama kweli mmea unazitoa kwa kiasi sawa. Swali hilo ndilo kazi yenyewe. Kujaza visanduku ni ukarani. Kwa umbo na rangi ya mbegu za njegere jibu ni ndiyo, kwa kuwa jeni hizo mbili ziko katika kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) tofauti, na kila kromosomu huenda upande wake kwa nasibu wakati gameti zinapoundwa. Kwa sifa nyingine jibu ni hapana, na mtu wa kuzidisha atakosea bila kujua kwa nini.

Mfano ulio bora unatoka kwa Reginald Punnett mwenyewe, na naona inapendeza kwamba mtu aliyelipa jedwali jina lake alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuiona mimea ikiligomea. Yeye na wenzake huko Cambridge, William Bateson na Edith Saunders, walichunguza maua ya njegere-tamu (mmea wa mapambo) katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Walichanganya mmea wa maua ya zambarau na chavua ndefu na mmea wa maua mekundu na chavua ya duara, kisha wakaiacha mimea iliyozaliwa ijichavushe. Takwimu zao zinazotajwa mara nyingi ni za mimea 6,952: 4,831 ya zambarau yenye chavua ndefu, 390 ya zambarau yenye chavua ya duara, 393 ya nyekundu yenye chavua ndefu, na 1,338 ya nyekundu yenye chavua ya duara. Kanuni ya 9:3:3:1 ingetaka takriban 3,911, 1,304, 1,304 na 435. Tofauti kubwa namna hiyo, katika mimea kwa maelfu, haiwezi kuitwa bahati.

Turudi pembeni mwa jedwali. Mmea mwekundu wenye chavua ya duara huzaliwa kwa njia moja tu, yaani gameti yenye aleli fichwa zote mbili ikikutana na nyingine iliyo kama hiyo. Mimea hiyo ni 1,338 kati ya 6,952, yaani karibu 0.192, na kipeuo cha pili cha namba hiyo ni takriban 0.44. Gameti ya aina hiyo, basi, ilikuwa asilimia 44 ya gameti zote badala ya 25. Ile yenye aleli tawala zote mbili nayo ni 44, na zile mbili zenye mchanganyiko mpya zinabaki na asilimia 6 kila moja. Andika uzito huo juu na ubavuni, zidisha uzito wa safu kwa uzito wa mstari katika kila kisanduku, na jedwali litakupa hesabu iliyo karibu sana na ile waliyoipata. Sababu yake, kwamba jeni hizo zimekaa kwenye kromosomu moja na hutenganishwa mara chache tu kromosomu zinapobadilishana vipande, ilielezwa na Thomas Hunt Morgan mwaka 1911 kutokana na uchunguzi wake wa nzi wa matunda.

Ua Jeupe

Samahani kwa kuingilia. Nina jambo linalofanana na hili. Ikiwa weupe wa ua ni sifa fichwa, mimea miwili yenye maua meupe ni lazima iwe pp na pp, na jedwali lake lina jibu moja tu. Imekuwaje basi mimea miwili ya maua meupe ikazaa watoto wenye maua ya zambarau, wote bila kubakiza? Uchavushaji ulifanywa kwa uangalifu na maua yalifungwa.

Kisanduku cha Kumi na Saba

Bateson na Punnett waliliona jambo hili pia katika njegere-tamu. Rangi ya zambarau hutengenezwa kwa hatua kadhaa, na jeni mbili tofauti, tuziite C na P, kila moja husimamia hatua yake. Ikikosekana C rangi haipatikani, na ikikosekana P haipatikani vilevile. Mmea wako mmoja yamkini ni CCpp na mwingine ccPP: wote weupe, kila mmoja kwa upungufu wake. Mtoto ni CcPp, ana hatua zote mbili, naye ni zambarau. Iache mimea hiyo ijichavushe, na hapa nakubali kwamba jedwali la visanduku 16 lina faida: gameti ni nne na zina uzito sawa, visanduku tisa vina angalau C moja na P moja, na saba vilivyobaki vyote ni vyeupe. Ungetarajia uwiano wa 9 kwa 7. Hesabu mimea ya kutosha, kwa sababu 9 kwa 7 na nusu kwa nusu hazitofautiani kwa mimea kumi wala ishirini.

Daftari la Maabara

Niongeze tahadhari moja kwa yeyote atakayetoka kwenye njegere na kwenda kwenye mmea mwingine. Jedwali la visanduku vinne linadhani kwamba mmea una aleli mbili za kila jeni na kila gameti hubeba moja. Kiazi cha mviringo kina seti nne za kromosomu. Mmea wa kiazi wenye AAaa huweka aleli mbili katika kila gameti, na kuna njia sita za kuchagua mbili kati ya nne: moja hutoa AA, nne hutoa Aa, na moja hutoa aa. Weka 1, 4 na 1 pembeni mwa jedwali, juu na ubavuni, na kisanduku cha aa kwa aa kitakuwa na sehemu moja kati ya 36. Mmea huo ukijichavusha, uwiano ni 35 kwa 1. Mtu akipanda mbegu ishirini za kiazi kama hicho na asione sifa fichwa hata mara moja, asikimbilie kusema kwamba aleli haipo: uwezekano wa kuikosa katika mbegu ishirini ni karibu asilimia 57.